Mshono wa Mwisho wa Koti la Tibor

Sufuria ya kabichi ilikuwa bado inafuka mvuke Mama alipoifunga kwa taulo na kumsukumia Zuzka kifuani.

"Usifike kwa Bibi Dorn mikono mitupu," alisema. "Na usiimwage kwenye gari. Harufu ya kabichi haitoki humo mpaka Pasaka."

Ilikuwa jioni ya Oktoba. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya bomba refu la kiwanda kilichokufa, na jikoni kwa akina Hudak taa iliwashwa mapema. Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Kupeleka chakula, kuchukua koti. Koti la ngozi la Tibor, mdogo wake Zuzka, aliloliagiza tangu kiangazi ili apate la kuvaa akiwa juu ya pikipiki yake.

"Bibi amepiga simu," Mama aliendelea. "Kila kitu tayari, umebaki mshono wa mwisho tu. Ningekwenda kuushona mwenyewe, lakini goti hili... Utashona wewe. Wewe si damu yake?"

Pale Cray Mills, kaskazini ya jimbo la New York, hakuna anayeuliza maana ya maneno hayo. Mji ulijengwa juu ya ngozi na watu wake wana taratibu zao. Fundi hamalizi koti. Anaacha pengo dogo kwenye bitana, chini ya kwapa la kushoto, upana wa kidole, na sindano inaachwa ikining'inia kwenye uzi wake. Pengo hilo huzibwa na mtu wa damu ya mwenye koti. Mama, baba, dada. Anashona, anafunga fundo, anakata uzi kwa meno. Ndipo koti linavaliwa. Wanasema linamlinda mtu barabarani. Wanasema ni baraka. Wanasema mengi.

 Zuzka alikuwa anamtazama Tibor.

Tibor alikuwa mezani, amewapa mgongo, anakula. Shati lake la kazi lilikuwa limefumuka begani. Lile shati lilikuwa likimpwaya mwezi uliopita.

"Tibo," Zuzka aliita. "Hiyo ni sukari."

"Najua."

"Kwenye kabichi?"

"Kabichi inataka sukari."

Alichota tena. Kwa mkono wa kushoto. Tangu atambae, Tibor alikuwa mtu wa mkono wa kulia, na sasa kijiko kilikuwa kinapanda na kushuka kushotoni bila kutetereka, kama mkono uliozoea.

Chini ya jiko, Bosko alinguruma.

Bosko alikuwa mbwa wa Tibor, si wa mtu mwingine. Tibor alimwokota barabarani angali kitoto, akamlisha kwa chupa, akalala naye kitanda kimoja. Lakini tangu Tibor aanze kwenda kujaribisha koti kwa Bibi Dorn, kila aliporudi alirudi na upungufu fulani. Aliporudi mara ya kwanza, Bosko alimnusa akarudi nyuma. Mara ya pili, akamwonyesha meno. Sasa hakai naye chumba kimoja ila kwa kunguruma.

"Kijana ananenepa," Mama alisema kwa furaha. "Ashukuriwe Mungu. Alikuwa mbavu tupu."

Tibor alinyoosha mkono kuchukua mkate. Mkono wa shati ukapanda.

Zuzka aliona ngozi ya mkono wake, kuanzia kifundo hadi kwenye kiwiko. Laini. Safi.

Sufuria nusura imtoke.

"Tibo... kovu lako liko wapi?"

Tibor aligeuka. Uso ulikuwa wake, macho yake, pua yake iliyopinda kidogo. Alimtazama dada yake kwa upole, kama mtu anayemtazama mgeni kwenye foleni.

"Kovu gani?"

*

Zuzka alimchukua Bosko kwenye pikapu kwa sababu hakutaka kumwacha ndani ya nyumba ile. Au hakutaka kwenda peke yake. Yote mawili.

Kovu gani! Tibor alipokuwa mtoto aliegemeza mkono kwenye ekzosi ya pikipiki ya baba yao. Mama hakuwepo. Zuzka, ambaye hakuwa mkubwa kumzidi sana, alimpaka nusu tyubu ya dawa ya meno, akamfunga soksi, na asubuhi alipoivuta ile soksi ikatoka na ngozi. Kovu likabaki na umbo la ndoano, na kishimo kidogo kwenye ncha yake pale soksi ilipong'oa. Walilicheka miaka yote. Makovu hayapotei kama funguo.

Alisimama kituo cha petroli, si kwa mafuta, bali kwa kutaka kuona sura ya mtu. Dino, mwenye kituo, alitoka amevaa koti lake jeusi lililoshonwa na Bibi Dorn, zipu imeishia nusu ya tumbo.

"Unakwenda kwa bibi?" alisema. "Nisaidie. Mwambie zipu yangu imeanza kubana."

"Zipu au tumbo, Dino?"

"Zipu! Tumbo hili ni lilelile, muulize mke wangu." Alicheka, akaligonga koti kifuani. "Lakini koti, dada, koti! Mama yangu ndiye aliyelimalizia mshono. Nimeanguka nalo njia ya milimani, pikipiki ikawa chuma chakavu, mimi sikuchubuka hata ukucha."

"Ulipokuwa unakwenda kujaribisha... hukuona kitu? Hukujisikia vibaya?"

Dino alikuna kidevu. "Nilijisikia njaa. Bibi hana hata biskuti." Kisha akaacha kucheka. "Ila alikuwa ananipima mabega. Anapima, anapima tena. Halafu akaguna, akasema, basi. Kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Kwa nini?"

"Basi tu."

*

Karakana ya Bibi Dorn iko nyuma ya kiwanda, kando ya mto. Mto ule zamani ulikuwa na rangi ya kazi ya siku hiyo. Wakitia rangi glavu nyekundu, maji mekundu. Wakitia za kijani, maji ya kijani, na watoto walioga humohumo. Wenye kiwanda walipoona faida iko kwingine, waliondoka na faida. Mji wakauachia mto. Wakauachia wanaume waliochunika mikono kwa dawa, halafu mapafu yakafuata mikono. Baba yake Zuzka alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyeshtakiwa. Nani angeshtakiwa? Bomba?

Zuzka alizima gari. Kimya.

Kisha mkia ukaanza kupiga kiti. Tap. Tap. Tap.

Bosko alikuwa amesimama, masikio juu, pua kwenye kioo. Analia kwa furaha, ile sauti nyembamba aliyokuwa akiitoa zamani Tibor aliporudi kutoka gereji. Zuzka alipofungua mlango, mbwa alimpita, akakimbilia karakana, akaanza kukwaruza mlango kwa miguu yote miwili.

"Bosko! Njoo hapa!"

Mlango ulifunguka.

Harufu ndiyo iliyotangulia kutoka. Ngozi mpya, nta, mafuta ya cherehani. Na chini yake kulikuwa na nyingine, hafifu, ambayo pua ya Zuzka iliitambua kabla ya akili. Jasho la Tibor. Sabuni yake ya gereji. Nywele zake zikilowa mvua.

"Karibu, mwanangu," alisema Bibi Dorn. "Mbwa aingie pia. Amekuja kumwona mtu wake."

Alikuwa mwanamke mfupi, mweupe wa nywele, miwani imefungwa uzi masikioni. Mikono yake ilikuwa mikubwa isiyolingana naye. Alishona glavu za kiwanda nyumbani kwake maisha yote, mpaka kilipofungwa. Kisha akageukia makoti. Alipokea sufuria, akafunua, akanusa, macho yakalegea.

"Kabichi ya Ludmila. Loren wangu angeimaliza yote." Akatikisa kichwa taratibu. "Ila lazima aimwagie sukari. Nilimpigia kelele mpaka nikachoka. Kabichi inataka sukari, Mama. Ndivyo alivyokuwa akisema."

Zuzka aligeuka kumtazama.

"Loren ni nani?"

"Mwanangu. Wewe ulikuwa hujazaliwa." Alielekeza kidevu ukutani. Picha ndogo, imefifia. Kijana mwenye mabega mapana, amesimama kando ya mto, anavuta sigara.

Kwa mkono wa kushoto.

"Koti liko pale," alisema Bibi Dorn.

Lilikuwa limevishwa sanamu ya kupimia, katikati ya chumba, chini ya balbu. La kahawia iliyoiva. Lilikuwa zuri, Mungu asamehe, lilikuwa zuri kuliko koti lolote lililowahi kutoka kwenye mlango ule. Bosko alikuwa ameshalala chini yake, chali, tumbo juu, kama anavyolala mbele ya mtu mmoja tu duniani.

Zuzka alisogea. Mabega ya koti yalikuwa membamba. Ya Tibor wa zamani. Kijana aliyekuwa anakula kule jikoni angeliingia kwa shida.

Akanyoosha mkono, akagusa mkono wa kulia wa koti.

Ngozi ilikuwa na joto.

Vidole vyake viliteremka kutoka kiwikoni. Laini... laini... kisha vikakwama. Mstari ulioinuka. Ukaenda, ukajipinda. Umbo la ndoano. Na kwenye ncha yake, kishimo kidogo.

Aliuvuta mkono nyuma. 

"Kovu hilo sikulitia mimi," alinong'ona Bibi Dorn nyuma yake. "Ngozi niliyokata ilikuwa safi. Yote yamekuja yenyewe, kila alipolivaa koti. Kwanza harufu. Halafu alama. Halafu vile vitu vidogo... jinsi anavyocheka."

"Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Nimemtunza. Hatoki humo, hazeeki, haumwi. Na mwilini mwake, huko nyumbani kwenu, nafasi inapungua kwake, inaongezeka kwa mwanangu." Alisema hivyo kama anavyoeleza mtu habari za kupunguza kiuno cha suruali. "Miaka mingi natafuta. Wengi hawakutosha. Dino ana mabega ya mama yake. Tibor alipoingia mlangoni, nilijua tu. Mwembamba, lakini mifupa yake inakubali kupanuka."

"Wewe ni mchawi."

"Mimi ni mama." Alivua miwani, akaifuta kwa aproni. "Loren alianguka kiwandani, kwenye tangi la chokaa la kung'olea manyoya. Unajua chokaa inafanya nini kwenye ngozi? Ndiyo kazi yake. Walinipa sanduku limepigwa misumari, wakaniambia nisifungue. Wakasema bahati mbaya. Kesho yake wakaniletea mzigo wa glavu za kushona, kwa sababu zilikuwa zinasubiriwa."

Nje, upepo ulisukuma mlango. Zuzka alikuwa na hasira kiasi kwamba hofu ilikosa pa kukaa.

"Na Tibor aliwafanyia nini? Hakuwepo! Baba yetu aliuawa na kiwanda hichohicho!"

"Hakufanya kitu. Mwanangu naye alifanya nini?"

"Basi wewe na wao mna tofauti gani?"

"Tofauti ipo." Bibi Dorn alimsogelea. Alinukia nta. "Wao hawakuuliza. Mimi nauliza. Mshono wa mwisho siugusi. Watu wa damu yake wasiposhona, hakijafungwa kitu. Lakini wakishona, wametoa. Ndiyo maana utaratibu uliwekwa, na waliouweka walijua. Ninyi mkausahau, mkaita baraka."

"Unamuuliza mtu asiyejua anaulizwa nini!" Zuzka alinong'ona kwa ukali, maana hata hasira yake haikuthubutu kupaza sauti mle ndani. "Hiyo siyo kuuliza, Bibi. Huo ni wizi, umeuvalisha adabu. Kama kweli unauliza, mpigie mama yangu simu. Mwambie: Ludmila, naomba mwanao. Mwambie hivyo. Kwa maneno hayohayo!"

Bibi Dorn alivaa tena miwani yake.  Halafu akatabasamu.

"Una mdomo. Loren atakupenda."

Zuzka alilivua koti kwenye sanamu. Lilikuwa zito kuliko koti. Lilimwangukia kifuani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, na sindano ikamgusa kifundo cha mkono, imening'inia kwenye uzi wake chini ya kwapa.

"Nitalifumua," alisema. "Lote."

"Fumua."

Hakutegemea jibu hilo.

"Fumua, mwanangu. Sikuzuii, mimi nina utaratibu wangu. Lakini usilifumulie hapa. Mwili wake usipokuwa karibu, akitoka humo ataingia wapi?" Bibi Dorn alirudi mezani, akavuta kiti, akachukua uma, akaanza kula kabichi. "Lipeleke nyumbani. Mkae naye karibu."

Zuzka alikuwa mlangoni, Bosko akirukaruka miguuni pake, sauti ya bibi ilipomfuata, ya upole, ya mtu anayetafuna.

"Uzi nimeuacha mrefu."

*

Aliendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa juu ya koti. Bosko amelilalia, kidevu kwenye ukosi, na kila mara koti lilionekana kuinuka kidogo, kushuka kidogo. Labda mbwa alikuwa anapumua. Labda.

"Vumilia, Tibo," alisema. "Tunafika."

Jikoni hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yanasikika bafuni. Mama alikuwa analoweka goti. Televisheni inaongea peke yake.

"Tibo!"

Hakuna jibu. Alitupa koti kwenye kiti, akavuta droo ya kwanza. Vijiko. Ya pili. Mishumaa, betri, kamba. Mkasi haupo. Mkasi ulikuwa daima mahali fulani alipouweka Mama. Na Tibor yuko wapi? Mwanga ulikuwa unatoka kwenye banda la pikipiki, nyuma ya nyumba.

Akakimbia. Bosko hakumfuata. Bosko alibaki na koti.

Tibor alikuwa ameketi sakafuni kando ya pikipiki yake. Ile pikipiki aliijenga mwenyewe, nati kwa nati. Sasa alikuwa ameshika funguo kwenye kiganja cha kushoto, anazitazama.

"Sijui upi ni upi," alisema.

Zuzka alipiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Nitazame. Ulipoungua mkono, nilikupaka nini?"

Macho yalikuwa matupu kwa ndani, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

"Tibo. Nilikupaka nini?"

Midomo ilitikisika. Kitu fulani, kutoka mbali sana, kilikuwa kinapanda ngazi.

"...Dawa ya meno," alisema Tibor. Sauti yake. Yake kabisa. "Ya mistari... ya mistari myekundu. Uliniambia nikilia huninunulii aisikrimu."

"Ndiyo! Ndiyo, mdogo wangu!"

Tibor alimshika dada yake mkono wa shati, akauminya. Alikuwa anatetemeka.

"Zuz... kuna giza. Nasikia Bosko, simwoni. Usiniache humo."

"Sikuachi. Njoo. Inuka, twende ndani, nina koti, nalifumua sasa hivi. Twende!"

Alimvuta. Alikuwa mzito, anaburuta miguu kama aliyelewa, lakini alikuja. Walivuka uani wameshikana. Taa ya jikoni ilikuwa mbele yao, ya manjano, ya kila siku. Zuzka akaanza kuita kabla hajafika mlangoni.

"Mama! Mkasi! Mkasi uko wapi, Mama?"

"Wa nini?" Mama alijibu kwa furaha. "Mbona sikuuhitaji?"

Mlango ulifunguka.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti, goti lake lenye maji limewekwa juu ya stuli, koti limelala mapajani pake. Sindano ilikuwa mkononi. Aliinamisha kichwa, kama kila mama wa Cray Mills alivyowahi kuinamisha, akaukamata uzi kwa meno.

"Mama, usi..."

Tik.

"Tayari," alisema Mama, akautema uzi kiganjani. "Wewe nawe, kitu kidogo hivyo unakisahau. Nimekuta sindano inaning'inia! Nikasema, huyu na haraka zake, atamwacha mdogo wake aende barabarani bila kufungwa. Nimekushonea, mwanangu. Njoo ujaribu."

Mkono wa Tibor ndani ya mkono wa Zuzka ukaacha kutetemeka.

Alisogea mbele, mwenyewe, kwa hatua imara. Akageuza mgongo, kama kijana mwenye malezi, Mama akamvisha. Lilimbana mabegani hadi likalia. Na kwa kitambo kifupi, Bosko alimrukia kifuani, akimlamba kidevu, akilia kwa furaha, na yule kijana akamtazama Zuzka kwa macho ya Tibor. Yote. Yalikuwa yamejaa hadi pomoni. Yalikuwa yanajua.

"Zuz," alisema.

Kisha akalivua.

Lilitoka polepole, bega moja, bega la pili. Macho yakatoka nalo.

Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya mkono wake wa kushoto. Bosko alimwacha yule kijana, akaufuata mkono uliobeba koti, pua juu, mkia unapiga.

"Asante sana, Mama Hudak," alisema kijana. Alitabasamu kwa adabu. "Na kabichi ilikuwa nzuri."

Mama alicheka. "Mama Hudak! Mcheki huyu. Leo nimekuwa jirani?"

Nje, honi ililia. Mara moja tu, taratibu.

"Samahani," alisema. "Mama ananisubiri."

Mama alikuwa bado anacheka mlango ulipofungwa. Aliendelea kucheka kidogo, akimtazama Zuzka, akingojea aambiwe utani wenyewe ni upi. Kisha akaacha.

*

Polisi walisema mtu mzima anaishi anapotaka. Walikwenda, walizungumza naye, wakarudi wamependezwa. Kijana mpole, anamsaidia bibi mpweke, anamchanjia kuni. Kosa liko wapi? Karakana nayo wameitazama kutoka mlangoni. Makoti tu.

Usiku uleule wa honi, Zuzka alikwenda na mkasi. Kesho yake alikwenda na nyundo. Kufuli lilivunjika, lakini mlango haukufunguka, na kutoka ndani ilisikika sauti ya cherehani, na sauti ya mwanamume akiimba kwa furaha wimbo ambao hakuna kijana wa siku hizi anayeujua. Dino alimsaidia kusukuma. Aliposikia wimbo ule aliacha kusukuma. Siku hiyo alilivua koti lake, na hajalivaa tena, ingawa hathubutu pia kulitupa. Amelitundika mahali penye mwanga, na hulisemesha habari za mvua anapolipita.

Mama haongei sana. Anapiga mswaki asubuhi, mchana na jioni. Anasema ladha ya nta haimtoki mdomoni. Anasema, "Sikuulizwa, Zuzka. Ningeulizwa, ningesema hapana." Anasema hivyo kila siku, kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya baraza ambalo halijakaa na halitakaa.

Na makoti bado yanaagizwa. Akina mama bado wanakwenda kushona mshono wa mwisho. Zuzka amewafuata mmoja mmoja na kuwaeleza, akapiga meza, akalia. Wanamsikiliza kwa huruma. Msichana amempoteza mdogo wake kwa bibi wa watu, wanasema, lazima atafute wa kumlaumu.

Bosko hakurudi nyumbani. Anakaa kwenye ngazi ya karakana, mvua au theluji. Zuzka humpelekea chakula jua linapozama, akaketi naye. Hakuna anachoweza kufanya isipokuwa kuzungumza kupitia ufa wa mlango. Humweleza Tibor habari za gereji, za pikipiki, za goti la Mama. Wakati mwingine upepo ukitulia, harufu hutoka mle ndani. Sabuni ya gereji. Nywele zenye mvua. Na nyingine ndogo, ya mnanaa, kama ya dawa ya meno ya mistari myekundu.

Jana yule kijana alipita nyuma yao akirudi kutoka kuchanja kuni, mabega yameziba mwanga wa jioni, sigara kwenye mkono wa kushoto. Alisimama. Akapiga mluzi, ule mluzi wa Tibor wa kumwita mbwa. Aliupiga sawasawa kabisa.

Bosko hakugeuka.

Alikuwa ameweka pua kwenye ufa wa mlango uliofungwa, anasikiliza. Kisha, taratibu, mkia wake ukaanza kupiga ngazi.

Tap. Tap. Tap.